Malkia wa Shilingi 35,000

Jioni moja, wiki mbili kabla ya mahafali ya darasa la saba katika shule ya msingi anayosoma mwanangu, jirani yangu alibisha hodi. Ni mama anayeuza vitumbua asubuhi pale kituoni ambapo sisi wakazi wa Chamazi tunagombea magari ya kwenda Mbagala Rangi Tatu. Nilidhani amefuata chenji yake, kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa nimechukua vitumbua kwa ahadi ya kulipa jioni. Haikuwa hivyo. Alikaa, akakataa chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, nina ombi. Wewe una mwandiko mzuri. Niandikie barua ya kwenda shuleni, kwamba mtoto anaumwa na hataweza kuigiza."

Mtoto hakuwa anaumwa. Alikuwa uani kwetu akicheza na mwanangu, na sauti yake tuliisikia hadi sebuleni. Alikuwa akikariri maneno ya malkia.

Ndugu msomaji, naomba unisikilize hadi mwisho, kwa sababu jambo ninalolizungumzia leo linaweza kuonekana dogo kwa mtu aliyezoea kujadili katiba, bajeti na uchaguzi. Ninazungumzia maleba, yaani mavazi ya kuigizia. Ninazungumzia gauni la mtoto wa darasa la tano linalovaliwa kwa dakika 20, kisha linakunjwa na kuwekwa chini ya kitanda. Ninaamini kwamba katika gauni hilo tunaweza kuisoma sera yetu ya elimu vizuri kuliko katika hotuba nyingi.

Shule ilikuwa imeandaa igizo la mfalme aliyesahau ahadi zake kwa wananchi. Binti wa jirani yangu alichaguliwa kuwa malkia kwa sauti yake na kwa wepesi wake wa kushika maneno. Mwanangu alipewa nafasi ya askari wa mfalme, ambaye kazi yake kubwa ni kusimama. Siku chache baadaye ujumbe uliingia katika kundi la WhatsApp la wazazi: kila mzazi aandae vazi la mtoto wake kulingana na nafasi aliyopewa, na mwenye kushindwa atoe taarifa mapema ili nafasi apewe mwingine.

Jirani yangu alifanya hesabu, na kwa kuwa alikuwa amekuja kwangu akiwa na hesabu hiyo kichwani, alinitajia kipengele kwa kipengele. Kitambaa cha kung'aa, mita mbili, shilingi 10,000. Fundi cherehani, 10,000. Taji la plastiki na mkufu, 5,000. Viatu vyeupe vya mtumba, 7,000. Nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi, 3,000. Jumla ni shilingi 35,000. Siku ya biashara njema, akishatoa unga, mafuta, sukari na mkaa, anabaki na shilingi 7,000. Malkia, kwa hiyo, ni siku tano za vitumbua bila nyumba kula, bila kodi ya chumba na bila mtu kuugua.

Nilimwambia nitalipa mimi. Alinitazama kwa upole wa mtu anayemsikiliza mtoto, akasema: "Ahsante, Mwalimu. Nikichukua leo, mwezi ujao kuna ya picha, na muhula ujao kuna ya safari. Nitakuja kwako mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Barua ya uongo sikuiandika. Aliondoka na kuniaga kwa heshima, na mimi nikabaki na simu mkononi, nikiutazama ujumbe wangu mwenyewe katika lile kundi, nilioutuma siku mbili nyuma bila kufikiri: "Sawa mwalimu, tumepokea."

Hapo ndipo mahali pa kuanzia, kwa sababu ni rahisi mno kumlaumu mwalimu. Nilipoandika "sawa", wazazi wengine kumi waliandika "sawa". Baada ya "sawa" kumi na moja, ni mzazi gani angethubutu kuandika "sina"? Sisi wenye mshahara wa mwisho wa mwezi hatukuchangia chochote kwa ukimya wetu ila kuwafungia mlango wenzetu. Vazi la askari wa mwanangu nilikuwa nimelinunua tayari, na sikuwa hata nimeuliza bei ya vazi la malkia.

Turudi kwenye sera. Historia ya ada katika shule zetu za msingi ni historia ya mlango unaofungwa na kufunguliwa. Ada ilifutwa mwaka 1973, malipo yakarudi katika miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, yakafutwa tena mwaka 2001 wakati wa maandalizi ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM. Michango ikaota tena taratibu, kama magugu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka uleule Waraka Namba 3 ukafafanua majukumu ya kila upande, na mzazi akaachiwa vitu kama sare, madaftari na kalamu. Januari 2018 Rais Magufuli, akiwa Ikulu, alipiga marufuku michango shuleni na kuagiza kwamba asiwepo mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu hiyo.

Ni kweli kwamba binti wa jirani yangu hakurudishwa nyumbani. Hakuna aliyemdai ada, wala hakuna aliyevunja waraka. Vazi la igizo halikuandikwa popote kuwa mchango. Ni "maandalizi". Mzazi hakabidhi fedha shuleni, anakwenda nazo mwenyewe dukani. Hii ndiyo njia ambayo gharama imejifunza kupita baada ya mlango wa mbele kufungwa: haipokelewi na mtu, haina stakabadhi, haimo katika taarifa ya kamati ya shule, na kwa hiyo haipo. Mkaguzi akija leo atakuta shule safi isiyotoza hata senti.

Sasa tulinganishe. Elimu bila malipo ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu ya hizo ilibaki kwa ajili ya vitabu. Maana yake ni kwamba gauni moja la malkia linazidi ruzuku ya miaka mitatu ya mtoto huyohuyo kwa kiwango kile. Kwa wasomaji wangu watumishi wa umma, pigeni hesabu upande wenu: kima cha chini serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mhudumu wa ofisi mwenye watoto wawili waliopewa nafasi za namna hii atatoa shilingi 70,000, yaani zaidi ya nusu ya nyongeza ya mwezi mzima, kwa alasiri moja.

Nilikwenda kumwona mwalimu. Nakiri nilikwenda nikiwa na maneno makali, na nilirudi bila kuyatumia. Alinikuta nje ya darasa, akanipa kiti chake, akasimama yeye. Alinieleza kwamba ana wanafunzi wengi kuliko madawati, kwamba igizo analiandaa baada ya saa za kazi, na kwamba tangu aanze kufundisha hajawahi kupata hata shilingi moja ya maleba. Kitambaa cha joho la mfalme alikinunua kwa fedha yake. "Mwalimu mwenzangu," aliniambia, "wageni wakija na watoto wakapanda jukwaani na sare zilizochanika, atakayeulizwa ni mimi. Wazazi wenyewe watasema mbona shule ya jirani walipendeza."

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo inatugusa sote. Shule haikuuvumbua mchezo huu. Imeuchukua kwetu. Sisi ndio tunaoshona sare za harusi, vijora vya kitchen party, vitenge vya arobaini na fulana za siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mwaka mmoja. Sisi ndio tunaowavisha joho watoto wa chekechea wasiojua bado kufunga kamba za viatu. Katika mji ambao sherehe imekuwa kipimo cha hadhi, itakuwa ajabu shule ibaki kisiwa.

Wala hili si jambo jipya katika pwani yetu. Wanaosoma historia wanazikumbuka ngoma za Beni, zilizoenea katika miji ya pwani na kupenya hadi bara mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanahistoria Terence Ranger aliziandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilishindana kwa bendi, kwa vyeo vya kujipachika na kwa mavazi yaliyoiga sare za kijeshi na fahari ya wakubwa. Watu waligharimika ili kundi lao lisishindwe. Lakini Beni ilikuwa ngoma ya watu wazima waliojiunga kwa hiari yao, wakacheka, wakawadhihaki watawala na wakajitoa walipochoka. Mtoto wa darasa la tano hana chama cha kujitoa. Yeye amepewa nafasi na mwalimu wake, na kisha amenyang'anywa na bei ya kitambaa.

Yupo atakayesema: basi tufute maigizo, watoto wasome. Mimi ni wa mwisho kukubali hilo. Igizo ni darasa. Mtoto anayesimama mbele ya watu mia tatu na kusema neno lake hadi mwisho amejifunza jambo ambalo mtihani wa kuchagua jibu hautamfundisha kamwe. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imelipa jambo hili nafasi kwa somo la Sanaa na Michezo katika elimu ya msingi. Na nchi hii inajua nguvu ya jukwaa shuleni. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya maprofesa Penina Mlama na Amandina Lihamba, kilianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo, nyimbo na mijadala kutaja vikwazo vinavyowazuia kusoma, kisha wakatafuta namna ya kuviondoa. Mradi huo baadaye ulichukuliwa na shirika la FAWE na kupelekwa katika nchi nyingine za Afrika. Katika Tuseme, jukwaa lilikuwa mahali pa binti kusema yanayomsibu. Hapa kwetu, umasikini ndio unaomshusha jukwaani, naye hana pa kuusemea.

Sanaa yetu haijawahi kuhitaji duka la Kariakoo ili iwe sanaa. Mathias Mnyampala alipoasisi ngonjera, na shule zikazipokea kwa wingi baada ya Azimio la Arusha la 1967, kilichohitajika kilikuwa sauti mbili zinazobishana na hadhira inayosikiliza. Mimi mwenyewe nilighani ngonjera nikiwa na kaptura ya kaki na shati jeupe, sawa na mtoto wa mwenyekiti wa kijiji aliyesimama kando yangu. Mwaka 1977 huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi na kuigiza juu yake maisha yao wenyewe, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Igizo lile lilipigwa marufuku kwa sababu ya maneno yake, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa. Kati ya mwaka 1972 na 1973 Peter Brook, mwongozaji maarufu wa Uingereza, alizunguka Afrika Magharibi na kundi lake akiwa na zulia tu. Walilitandika kijijini, likawa jukwaa.

Nataja mifano hii kwa sababu maleba ni ishara. Hadhira ikikubaliana kwamba mwenye khanga begani ni malkia, basi ni malkia, na hakuna mtu atakayeuliza bei ya khanga. Taji la boksi lililopakwa rangi na watoto wenyewe linafundisha zaidi kuliko taji la plastiki lililosafirishwa kuvuka bahari. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alihofia shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kujiona bora kuliko wengine. Hakufikiria taji la plastiki, lakini hofu yake inalifaa.

Kuna hoja nyingine ambayo siwezi kuikwepa. Kuna wazazi masikini wanaotaka kununua, tena wanaona fahari. Mama anaweza kusema: hiki ndicho kitu kizuri pekee nitakachomvalisha mwanangu mwaka huu, niacheni. Ninaiheshimu hoja hiyo. Simzuii mzazi kumpamba mwanawe. Ninachopinga ni nafasi ya mtoto kufungwa kwenye pambo hilo. Anayetaka kuongeza na aongeze, lakini asiyeweza asishushwe.

Basi napendekeza mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa kamati ya shule bila kusubiri waraka mwingine.

Kwanza, kila shule iwe na kasha la maleba. Mashuka machache, khanga, vipande vya kitenge, kofia, fimbo na ngao za boksi. Mavazi yaliyokwisha tumika yarudi humo badala ya kulala chini ya vitanda. Katika miaka mitatu shule itakuwa na hazina ya kutosha igizo lolote.

Pili, mavazi yatengenezwe na wanafunzi ndani ya somo la Sanaa na Michezo. Kukata, kushona, kupaka rangi na kubuni ni ujuzi tunaodai kuutaka. Igizo la mwisho wa mwaka liwe zao la kazi hiyo.

Tatu, agizo lolote linalomgharimu mzazi fedha, hata kama fedha hiyo haipiti shuleni, lipitie kwenye kamati ya shule na liandikwe kwenye kumbukumbu zake. Kitu kilichoandikwa kinaweza kuhojiwa.

Nne, nafasi ya mtoto isibadilishwe kwa sababu ya vazi. Sentensi ile ya "mwenye kushindwa atoe taarifa ili nafasi apewe mwingine" isitokee tena katika shule inayoitwa ya bila malipo.

Kwa wenzangu wenye uwezo kiasi, lipo la tano, ambalo si la kamati. Tujifunze kuuliza kabla ya kuandika "sawa". Mzazi mwenye kipato akiuliza kwenye kundi, "Hivi hili haliwezi kufanyika kwa khanga za nyumbani?", hapungukiwi na kitu. Mzazi asiye nacho akiuliza swali hilohilo anakuwa amejianika. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuuliza sisi.

Siku ya mahafali nilikaa safu ya tatu. Mwanangu alisimama kama askari, mkanda wake wa bandia uking'aa, wala hakukosea, kwani hakuwa na cha kukosea. Malkia alikuwa binti mwingine, mzuri, mwenye gauni la rangi ya dhahabu. Katikati ya igizo alisahau maneno. Ukumbi ulinyamaza. Nikawatazama wanakijiji waliosimama nyuma na khanga zao za nyumbani, nikamwona binti wa jirani yangu. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa anayasema maneno yote ya malkia, taratibu, bila sauti, moja baada ya jingine, hadi mwenzake alipokumbuka na kuendelea.

Mama yake hakuwepo. Alikuwa kituoni na beseni lake.

Wiki iliyofuata nilipeleka vazi la askari kwa mwalimu, nikaomba liwe la kwanza katika kasha. Alicheka, akatafuta boksi la karatasi za mtihani lililokuwa tupu, akaandika juu yake kwa kalamu nene: MALEBA. Katika kundi la wazazi niliandika kwamba lipo boksi na kwamba mwenye vazi asilolihitaji anakaribishwa. Hadi ninapoandika haya, yamefika mavazi manane, na gauni la rangi ya dhahabu ni mojawapo.

Muhula ujao kuna igizo jingine. Mwalimu ameniahidi kwamba safari hii nafasi zitagawiwa kwanza, halafu kasha ndilo litakalofunguliwa. Nimemweleza jirani yangu habari hiyo pale kituoni asubuhi. Alinifungia vitumbua vyangu kwenye gazeti, akanirudishia chenji, akasema: "Tutaona, Mwalimu." Ana haki ya kusema hivyo.